Damu Bila Mayai

Bi Riziki alizikwa Kengeja, kusini mwa Pemba, mwezi uliopita. Siku ya hitima nilikaa na wanawake katika ukumbi ule ule niliokuwa nikiufagia nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Misahafu ilikuwa imekwisha kukusanywa, sahani za wali zilikuwa zikipitishwa juu ya vichwa, na binti mmoja wa ukoo akauliza mimi ni nani. Bibi aliyekaa ubavuni mwangu akamjibu kabla sijameza tonge: "Huyu ndiye Zuwena, yule dakitari aliyeujua ugonjwa wa marehemu Mzee Shaame. Bi Riziki hakuacha kumtaja hata siku moja." Wakanitazama kwa heshima, na mmoja akanisogezea kipande cha nyama. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, na ugonjwa wa Mzee Shaame sikuujua. Niliupima kwa miezi saba, nikauandika kwa mkono wangu, nikamweleza kila aliyeniuliza, na sikuujua. Nikaila nyama ile. Mume alikwenda zamani, sasa mke naye amekwenda, na waliostahili kuambiwa ukweli huu hawapo tena. Nauandika kwa ajili ya vijana ninaowafundisha sasa, ambao huniuliza mbona Bi Zuwena huwa mkali akifika kwenye somo la mkojo.

Nilipelekwa Kengeja mwanzo wa masika, nikiwa na sanduku la bati, hadubini moja niliyoiviringisha kwa kanga isitikisike, na makopo ya vijiti vya kupimia mkojo. Nilipewa chumba cha uani nyumbani kwa Mzee Shaame, chumba kilichokuwa kikiwekwa mbegu za mpunga. Harufu ya makapi ilikuwa haijatoka, na kila nilipojigeuza juu ya kitanda cha kamba vumbi la mpunga lilinishuka kutoka darini. Dirisha lake dogo lilitazama jikoni, kwa hiyo niliyasikia yote: sufuria, mbuzi ya nazi, ugomvi wa kuku, na maneno ya Bi Riziki aliyekuwa akiongea na moto kama mtu mwenzake. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai na mkate wa mofa. Mchana ulikuwa muhogo wa nazi na kipande cha papa mkavu. "Kula, mwanangu," Bi Riziki alikuwa akinambia, "nyinyi wa Makangale, watu wa msituni, mmezoea kugombania maembe na popo." Na Mzee Shaame, mtu wa miaka hamsini na kitu, miguu mirefu kama ya korongo kwa maisha aliyoishi ndani ya bonde la mpunga, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Kazi yangu ilikuwa kichocho. Kwa asiyekijua, nitaeleza kama nilivyoeleza wakati ule. Katika maji yaliyotulia, bondeni na mitoni, wanaishi konokono wadogo. Kutoka kwao hutoka wadudu wasioonekana kwa macho, wanaopenya ngozi ya mtu anayelima, anayefua au anayeoga. Wakishaingia hukua, huenda wakakaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, na huko hutaga mayai. Kila yai lina mwiba mkiani. Miba hiyo huchana kuta za kibofu, na damu hutoka na mkojo. Mdudu mwenyewe humwoni, lakini damu waweza kuiona hata pale jicho linaposema mkojo ni safi: unachovya kijiti, unasubiri, na ile rangi ya manjano ikigeuka kijani, damu ipo. Kijani ikikolea, damu ni nyingi. Hicho ndicho tunachokiita kiashiria, kitu kidogo mwilini kinachotupa habari ya kikubwa tusichokiona. Sukari kwenye damu ni kiashiria, protini kwenye mkojo ni kiashiria. Wazee walikwisha kusema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nilikuwa kijana, nimejifunza kuyasoma mawingu, na nilidhani hiyo ndiyo elimu yote.

Pale Kengeja damu haikumshangaza mtu. Wanaume wakirudi bondeni baada ya alasiri walikaa barazani kwa Mzee Shaame, na mimi nikiwa ukumbini napanga vikopo vyangu nilikuwa nikiwasikia. "Yakhe, miye nimeanza kukojoa damu sijajua hata kufunga shuka," alisema Bwana Makame, jirani, mtu mnene mwenye sauti ya kuadhini. "Weye ulikuwa na haraka ya kila kitu," akajibiwa. "Hata meno yalikutoka mapema." Wakacheka. "Baba yangu alinambia, kijana asiyekojoa damu huyo hajalima bado." Hivyo ndivyo walivyolelewa. Damu ilikuwa kama ndevu: inakuja, mvulana anakuwa mwanamme, na hakuna anayekwenda spitali kwa sababu ameota ndevu. Nilipoanza kuwaomba mkojo waliniona nimekosa adabu, na kwa wiki mbili hapana mwanamme aliyeleta hata tone.

Aliyefungua mlango ni Mzee Shaame. Siku moja alitoka ukumbini na kikopo mkononi, akakipitisha mbele ya baraza zima kama mtu anayepeleka kahawa, akanikabidhi. "Haya, dakitari, pika." Nilichovya kijiti mbele yao. Kiligeuka kijani kilichokolea, karibu kiwe cheusi. Wakasogea wote kutazama. Dawa ya kichocho hutolewa kwa urefu wa mtu, kwa hiyo nikamsimamisha kwenye mti niliokuja nao, wenye alama za urefu, na ukasema vidonge vitano. "Nusu ya urefu huu ni miguu," alilalamika. "Na miguu nayo inataka dawa?" Akavimeza kimoja kimoja, vikubwa kama vifungo vya koti, na uchungu ukamkunja uso. Kisha akawageukia wenzake: "Nimekwisha kunywa. Nani mwanamme mwengine hapa?" Siku ile walikunywa kumi na mmoja. Tangu hapo kila nilipokwenda kuomba mkojo nilitaja jina lake, na milango ikafunguka.

Jioni ile, baada ya watu kutawanyika, niliuchuja mkojo wake na kuutazama kwenye hadubini, kama inavyotakiwa. Nilitafuta yai lenye mwiba. Sikuliona. Nikaandika kwenye kadi yake, kwa alama za kijiti ambazo mwisho wake ni tatu: Damu, alama tatu. Mayai, hakuna. Nilipata wazo dogo kwamba jambo hili si la kawaida, damu nyingi namna ile na yai hata moja halipo. Lakini mayai hayatoki kila siku, nalo hilo ni kweli, nikajieleza, nikaridhika.

Sasa nataka nilieleze jambo hili taratibu, maana ndipo nilipokosea. Kijiti kinajua damu tu. Hakijui damu imetoka wapi. Mtu aliyeishi na kichocho tangu utotoni, kibofu chake kikachanika na kupona, kikachanika na kupona kwa miaka arubaini, aweza kuota humo uvimbe mbaya, saratani, na saratani nayo hutoa damu. Tulifundishwa hivyo. Tuliambiwa kwa maneno ya wazi: mtu mzima mwenye damu bila mayai, ukimpa dawa na damu ikarudi, usimpe dawa tena, mpeleke akatazamwe kibofu. Niliyaandika maneno haya katika daftari langu na kuyapigia mstari. Sikuyasahau, kwa hiyo siwezi kusema nilisahau.

Mwezi wa pili wa kumpima alama zilikuwa tatu, mayai hakuna. Nikampa dawa tena. "Dawa imewaua wadudu," nilimweleza, "ndiyo maana mayai hayapo. Sasa kidonda kinapona, na kidonda hakiponi siku moja. Wewe ukijikata jembe, damu husita siku ile ile?" Aliliona hilo ni jambo la akili. Alimweleza Makame, na Makame akawaeleza wengine. Mwezi wa tatu alama mbili, mayai hakuna. Mwezi wa nne, wakati mpunga umekwisha kuvunwa na nyumba nzima inanukia wali mpya, nilichovya kijiti kikabaki manjano. Nilikitazama juani nikakirudia tena. Manjano. Nilikimbia nacho mpaka jikoni kama msichana mdogo, na Bi Riziki akapiga kigelegele, akakamata jogoo aliyekuwa amemwekea nadhiri. Tulimla kwa wali wa nazi, na barazani Mzee Shaame alikishika kile kijiti kikavu kati ya vidole viwili akakionyesha kila aliyepita. "Miaka arubaini, yakhe. Miaka arubaini, kakimaliza mtoto wa kike." Leo najua kwamba uvimbe wa kibofu hutoa damu leo ukanyamaza wiki mbili, ukatoa tena. Kijiti hakikusema uongo. Kilisema kwamba siku ile hapakuwa na damu. Neno kupona nililiongeza mimi.

Ni Bi Riziki aliyeona. Hakuwa na hadubini, alikuwa na mume. Adhuhuri moja nilikuwa chumbani kwangu, na wao wawili jikoni, nikawasikia.

"Shuka yako nimeikunja mara mbili, zamani nikiikunja mara moja," alisema Bi Riziki. "Unapungua."

"Miye nazeeka."

"Na kiuno? Usiku unajishika kiuno. Nawe unakwenda uani mara sita, nahesabu. Dada yangu yuko Unguja, chumba anacho. Ijumaa panda boti, wakutazame huko kwenye mashine."

"Nikatazamwe nini, mwanamke? Zuwena kesha kunitazama."

"Zuwena mtoto."

Nikasikia mchele ukipepetwa kwenye ungo. Kisha Mzee Shaame akasema, kwa sauti ya chini, maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Wewe kamuulize. Akisema niende, nitakwenda."

Bi Riziki alikuja kuniuliza alasiri ile ile. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba changu, mikono ina unga wa mchele, akanitajia kiuno, na shuka, na uani mara sita. Nami nilikuwa na kila nilichohitaji kumjibu kwa neno moja. Nenda. Lakini ndani ya nafsi yangu nilikuwa nahesabu mengine. Duru ya pili ya dawa ilikuwa inakuja, na bonde zima lilikuwa linanywa kwa jina la Shaame. Shaame akipanda boti kwenda kutibiwa, barazani watasema dawa haikufaa kitu. Alikuwa ndiye ushahidi wangu, na sikutaka ushahidi wangu uumwe. Kwa hiyo nilimshika mkono Bi Riziki, nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa upole, kama ninavyoeleza hapa. Nilimwambia kiuno ni kazi ya bondeni, na kwenda uani mara nyingi ni umri, wanaume wote huwa hivyo, na kukonda ni kwa sababu dawa ni kali na yeye hali vizuri. Nikamtolea kadi nikamwonyesha: tatu, tatu, mbili, hakuna. "Unaona, mama, inashuka kama ngazi." Bi Riziki hakujua kusoma, lakini aliiona ngazi. Aliinuka akajipangusa mikono. "Alhamdulillahi," akasema. "Miye moyo wangu mdogo tu." Ijumaa boti iliondoka bila mtu wetu.

Damu ilirudi baada ya wiki tatu. Mara hii haikuhitaji kijiti. Nilimpa dawa kwa mara ya tatu, na bado niliandika: Damu, alama tatu. Mayai, hakuna. Mwezi wa saba tangu nianze kumpima, asubuhi, madonge ya damu yakamziba, asiweze kukojoa kabisa, tumbo likawa gumu kama ngoma. Makame na vijana wawili walimpakia kwenye gari la abiria juu ya magunia ya ndizi, na kila gari liliporuka kwenye shimo alisema "Hasbiyallah" kwa meno yaliyobanwa. Kutoka bandari ya Mkoani tukavuka kwenda Unguja, mimi na Bi Riziki pamoja naye.

Daktari aliyempima alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ndogo. Alimwekea mpira wa kutolea mkojo, mkojo na damu vikatoka, Mzee Shaame akapumua. Kesho yake wakamtazama kwa mashine, kisha wakamwingiza kamera. Daktari alituita kwenye chumba chenye meza moja na viti vitatu. Akatwambia kuna uvimbe, umejaza kibofu, umetoka nje na kuishika mifupa ya nyonga. Hautakatika. Akauliza mgonjwa alianza lini kutoa damu, na nani alikuwa akimfuatilia.

"Mwanangu huyu," alisema Bi Riziki, akiniwekea mkono begani. "Hakumwacha hata mwezi mmoja. Kila mwezi alimpima. Mpe kadi, Zuwena, aione."

Nilimpa. Daktari aliisoma kutoka juu mpaka chini. Damu, mayai hakuna. Damu, mayai hakuna. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wa kunyooka, kila kitu kimo ndani ya mstari wake. Alipofika mwisho aliinua macho akanitazama, mimi tu, kwa muda. Nilitamani aseme. Aliigeuza kadi, akaiweka mezani, akanisukumia. "Pole, mama," alimwambia Bi Riziki. "Mmejitahidi."

Tulimrudisha nyumbani. Alilazwa ukumbini, kwa sababu aliona chumbani kuna kiza, na watu wakaanza kuja kupeana naye radhi kama ilivyo desturi mtu akiwa kwenye safari ya mwisho. Waliingia mmoja mmoja, wakamshika mkono, wakasema, "Mzee Shaame, unisamehe," naye akasema, "Nimekusamehe duniani na akhera, nawe unisamehe." Nilisubiri siku nne nipate nafasi ya kuwa naye peke yangu. Nilikaa mkekani. Nilianza mbali, kama kawaida yangu, kwa kijiti na rangi, na kwamba damu ina njia nyingi za kutoka, nikaendelea mpaka nikafika kwenye mstari ule wa daftari. Aliniinulia kiganja.

"Radhi haitajiwi kosa, mwanangu," alisema. "Ukilitaja unampa mwenzio kazi ya kulipima. Miye nimechoka kupimwa." Akajaribu kucheka, kikatoka kikohozi. "Nimekusamehe ninachokijua na nisichokijua. Umenisikia? Nenda kale." Nikainuka, nikaenda kula. Kama angenizuia mtu mwengine yeyote ningeendelea kusema, lakini ukweli ni kwamba niliufurahia ule mkono ulioinuliwa. Alifariki Jumatatu baada ya alfajiri.

Hata hivyo si kifo chake kinachonifanya nishindwe kulala hadi leo, ingawa nacho kinatosha. Ni lile lililofuata. Mvua za masika zilipoanza, zamu yangu ya mwaka mmoja ikiwa inamalizika, ililetwa duru mpya ya dawa, na nikawaita watu barazani pale pale. Walikuja kwa heshima ya nyumba. Niliweka kopo la vidonge juu ya meza, na mti wa kupimia urefu nikauegemeza ukutani. Hakuna aliyesimama. Mwishowe Bwana Makame akakohoa.

"Bi Zuwena, siye hatukulaumu. Lakini Shaame ndiye aliyekuwa akinywa dawa hii kuliko mtu yeyote hapa. Mara tatu kanywa. Nasi tuliokunywa mara moja, tuko. Sasa tueleze. Weye ni mtu wa kueleza. Dawa ndiyo iliyomuua, au nini?"

Wote wakanigeukia. Nyuma ya mlango niliona ncha ya kanga ya Bi Riziki, yumo ndani ya eda, anasikiliza. Jibu lilikuwepo, na lilikuwa fupi. Dawa haikumuua. Dawa ni nzuri, inyweni, wapeni na watoto wenu, maana kisichotibiwa leo ndicho kitakachowaota kama kilivyomwota yeye. Shaame alikuwa na ugonjwa mwengine, dalili zake niliziandika kila mwezi kwa mkono wangu, mkewe aliponiuliza nikamwambia asiende. Maneno haya yangetoka, bonde lote lingekunywa siku ile. Ila ningeyasema mbele ya ncha ile ya kanga.

"Ni kadari ya Mungu," nikasema.

"Hakika," wakaitikia, na hapakuwa na mtu wa kubishana na hilo. Wakaomba dua fupi, wakavaa makubadhi yao, wakaliacha kopo la vidonge limejaa, wakashuka barazani mmoja baada ya mmoja kuelekea bondeni, ambako wake zao na watoto wao walikuwa wamekwisha kuingia majini mpaka magotini, wanapanda mpunga.